Simu ya Profesa

Juzi kwenye kibanda cha simu hapa Dodoma, ofisa wa chuo alimleta mama mmoja wa Kibakwe amshawishi mwanawe, profesa wa uhandisi wa nishati aliyeko ughaibuni, arudi kufundisha nyumbani.

Mama alishika simu kwa mikono miwili. "Umekula, baba?" Wakaongea habari za mvua, wakafika kwenye mbuzi.

Ofisa akanong'ona, "Mama, mwambie basi arudi!"

Mama akaziba simu kwa upindo wa khanga. "Huyu sijawahi kumwomba kitu akakataa. Ndiyo maana simwombi."

Wakubwa wanahangaika na mishahara na nyumba za kuwavutia wasomi, kumbe kivutio chenyewe hakitaki kutumika.

Alipoagana na mwanawe, mama alimgeukia ofisa, akauliza taratibu, "Hiyo nafasi mtamwekea mpaka lini?"