Karai la Chuma Chini ya Wingu la Kano

Mwanangu Apiyo, mimi si mzee bado. Lakini kuna uchovu unaomfanya mtu aongee kama mzee, kwa hivyo nisikilize vile unavyomsikiliza Dani, nyanya yako. Siku niliyoshindwa kuwavumilia watu wa kamera siisahau.

Ilikuwa alasiri moja ya msimu wa mvua ndefu, hapa Ahero. Wingu lilitoka upande wa milima ya Nandi likajilaza juu ya uwanda wote wa Kano, jeusi chini, jeupe pembeni, limejiviringisha kama mkeka. Lilikuwa zuri, sikatai. Lakini sisi tulioanika mpunga juu ya turubai hatukuwa na wakati wa uzuri, tulikuwa tunazoa mbio. Nikakutuma ulete karai. Hukurudi.

Kugeuka, nakuona juu ya tuta la mfereji, peke yako kwenye uwanda mtupu, karai la chuma kichwani, umesimama wima kama mtu aliyeambiwa. Na kweli ulikuwa umeambiwa. Kijana mmoja kutoka Kisumu mjini alikuahidi biskuti usipotingishika. Yeye mwenyewe alikuwa ndani ya gari, kioo amekishusha kidogo, kamera imechungulia nje.

Hao walikuja kila mvua. Wanaziba njia ya tuta na magari, wanapanga watoto wetu kama viti, simama hapa, usicheke. Nilikuwa nanyamaza kwa sababu wananunua soda na mandazi kwa akina mama wa barabarani. Siku hiyo kunyamaza kuliisha. Nikamwambia yule kijana, "Bwana, kama hapo ni pazuri, shuka usimame wewe."

"Mama, dakika moja tu. Hii kamera haitaki kunyeshewa."

Kamera haitaki. Mtoto ndiye anataka?

Nilikimbia nikalitupa hilo karai mferejini, nikakuburuta hadi nyumbani ukililia biskuti. Radi ikapiga ng'ambo ya mfereji, ukanyamaza. Mpunga tuliobakisha ulilowa wote. Mimi nikabaki mlangoni natukana, hadi Dani akanivuta leso.

"Mama Apiyo, unamaliza sauti yote kwa gari ambalo limeshaenda. Naibu chifu atasikia nini kesho?"

Majirani waliniambia nisahau, mtoto ni mzima, na picha huenda imetoka vizuri. Asubuhi nikaenda kwa naibu chifu.

Basi shika hili, mwanangu. Mtu mzima akikuambia usimame mahali ambapo yeye hathubutu kusimama, kimbia, hata kama ana biskuti mkononi. Na ukiwa na hasira usiimalize mlangoni, ipeleke mahali inapoandikwa. Mungu akuonyeshe mawingu mengi mazuri, yote ukiwa chini ya paa.

Naibu chifu aliniuliza kama umeumia. Nikasema hapana. Akaweka kalamu chini. "Sasa Mama, unalalamikia nini?"

Nikamwambia aishike tena, aandike hivi: "Mtoto wangu aliwekwa mbele ya radi ili picha ipendeze, na mwenye picha akakaa ndani ya gari. Mtoto hakuumia. Nimekuja leo kwa sababu hiyo, ili nisije siku nyingine na mama mwenzangu aliyefiwa. Naomba wingu likisimama, gari la picha lisionekane kwenye tuta letu."