Alfajiri ya Kijani

Nilipotumwa Mbeya kuchagua taa za jukwaa, nilikuwa na siri. Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba nina mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba rangi zitaendelea kufifia hadi nifanyiwe upasuaji. Nilimshukuru, nikatia karatasi yake ndani ya kitabu cha sala, nikanyamaza. Hata mke wangu sikumwambia.

Wazee wa kanisa walinichagua mimi, mwalimu wao wa dini, kwa sababu nilisoma chuo cha Biblia, na huko nilikuwa nikipaka balbu rangi kwa ajili ya maigizo. Sasa usharika wetu wa Igowole ulikuwa ukitayarisha igizo la Pasaka, na mwisho wake ni wanawake kufika kaburini alfajiri. Akina mama walikuwa wameshona pazia jeupe la kitambaa cha marekani lililofunika ukuta wote wa nyuma wa jukwaa. Hilo ndilo lingekuwa anga. Zilihitajika taa za kulimwagia rangi: kwanza usiku, kisha mapambazuko, kisha jua. Watu walichanga, wengine kwa mahindi na maharage. Nikapewa dhamana.

Mwenye duka la vyombo vya muziki na taa alikuwa Mwislamu mwenye asili ya pwani, mcheshi, mwenye kofia safi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Natafuta taa za pazia la nyuma. Jukwaa letu ni fupi, kutoka pazia hadi waigizaji ni hatua mbili tu."

"Basi achana na hizi za mviringo," akasema. "Kwa karibu hivyo zitakuchorea masahani ukutani. Chukua hizi ndefu, zinalazwa chini kwa mstari, mwanga unapanda wote pamoja." Akanionyesha za aina mbili. Za kwanza zilikuwa na rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Za pili ziliongezewa rangi ya nne, ya asali. "Za rangi tatu zinatosha harusi. Alfajiri inataka hizi za rangi nne."

"Wewe unaijua alfajiri?"

"Mimi huamka alfajiri kila siku, mzee. Wewe ndiye wa Jumapili!"

Tulicheka. Kisha akaziwasha zikimulika ukuta wa duka, na kicheko kikaniishia. "Rangi unaionaje?" akaniuliza.

Kwangu mimi ukuta ulikuwa kama chai ya maziwa. Nikamtazama mama mmoja aliyekuwa akinunua spika, nikaona uso wake umelainika, nikasema, "Nzuri sana." Nilichagua taa za Bwana kwa kutumia uso wa mtu nisiyemjua.

Nilichukua taa nne, zile za rangi nne. Mwenye duka akaniambia zikinishinda nizirudishe ndani ya siku saba. Baada ya hapo ni zangu. Njia nzima ndani ya basi, kupita Chimala hadi niliposhuka Nyololo, nilikuwa nikizihesabu hizo siku kwenye vidole.

Tulizijaribu kesho yake mchana, madirisha ya ukumbi yamezibwa kwa mablanketi. Fundi umeme alianza na usiku, ukaja vizuri. Akaleta mapambazuko. Nikaona anga lote limegeuka kijani, kijani kichafu kama maji ya dimbwi.

Nilingoja mtu aseme. Kwaya ilikuwa pale, akina mama walikuwa pale. Fundi akakohoa. "Tayari, Mwalimu."

"Hongera, Mwalimu," wakasema wengine, wakaanza kukunja mablanketi.

Basi ni macho yangu, nikawaza. Wao wanaona dhahabu, mimi naona dimbwi. Lakini usiku sikulala. Je, kama si macho? Je, kama nimechukua taa mbovu, na michango ya watu imeishia kwenye tope? Nikiuliza, watajua kwamba waliyemtuma kuchagua rangi haoni rangi. Nisipouliza, siku zitakwisha. Nilisali, na katika sala nilimshukuru Mungu kwa mvua, kwa wajukuu, kwa kila kitu, nikilizunguka lile moja nisilitaje. Siku ya tatu ikapita hivyo, na ya nne.

Siku ya sita nilikwenda kwa mama kiongozi wa akina mama. Nilimkuta barazani akipukuchua maharage, ungo mapajani.

"Mama, lile anga unaliona rangi gani?"

"Wewe unalionaje, Mwalimu?"

"Nimekuuliza wewe."

Akapukuchua maganda mawili zaidi. "Kijani," akasema. "Kama nyasi alizocheua ng'ombe."

"Mbona hamkusema?"

"Nani amwambie Mwalimu? Umekwenda Mbeya na mvua hii, umerudi umechoka. Tukasema labda alfajiri ya Yerusalemu iko hivyo."

Nikamwambia habari za macho, zote, mpaka ile karatasi ndani ya kitabu cha sala.

"Tangu lini?"

"Kabla ya Krismasi."

Akaweka ungo chini. "Kabla ya Krismasi? Kumbe ulipotuambia vitambaa vya madhabahu vimekuwa vya njano, ni macho yako!"

Nilikuwa nimesahau. Niliwaambia mbele ya watu, kwa upole, nikidhani nautunza utakatifu wa nyumba ya Mungu.

"Baba, tuliona aibu sisi! Tangu siku ile kila cheupe cha kanisa tunakitia bluu ya kufulia. Lile pazia tumelipitisha kwenye mabeseni matatu, ili Mwalimu asije akaliona la njano."

Tulikwenda ukumbini hapo hapo, tukamwita fundi. Mama akavua kilemba chake cheupe, kipya, hakijawahi kufuliwa, akakibana katikati ya pazia kwa pini. Fundi akawasha mapambazuko.

"Niambie," nikasema.

"Kwenye pazia, nyasi za ng'ombe. Kwenye kilemba changu..." Akasogea karibu na pazia. "Ganda la kitunguu. Lile la ndani, linalong'aa."

Taa zilikuwa nzima; ile bluu ya kufulia ndiyo iliyochanganyika na mwanga wa asali ikazaa kijani. Siku ya saba ikapita, na maboksi hayakurudi Mbeya. Akina mama walilisuuza pazia hadi maji yakatoka meupe, nami nilichota maji pamoja nao, maana kosa lilianzia kwangu. Mvua haikutupa nafasi ya kulianika. Walilikausha kwa pasi za mkaa, kipande kwa kipande, na lilipotundikwa tena pindo la chini lilikuwa bado na unyevu. Hatukupata muda wa kulijaribu.

Jumapili ya Pasaka ukumbi ulijaa. Mama alikuja kukaa kando yangu bila kualikwa. Wanawake wa kwaya waliingia na manukato yao, usiku ukiwa nyuma yao.

"Sasa?" nikanong'ona.

"Bado."

Mbele yangu palikuwa na chai ya maziwa tu.

"Sasa?"

Nilimgeukia nikaona ameziba mdomo kwa kiganja, kisha akaniinamia sikioni. "Kitunguu, Mwalimu," akasema. "Kitunguu chote. Na Jumatatu tunakupeleka hospitali."

"Amina," nikasema, na waliokaa karibu nasi wakaitikia.