Saa Iliyolala Ndani ya Kochi

Watu walimwita Misumari, kwa sababu akiwa kazini huwezi kumsalimu akakujibu: midomo imebana misumari midogo, nyundo iko mkononi, na jibu lake ni kukonyeza jicho. Alikuwa fundi makochi. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, kimejaa springi, vitambaa na vumbi la sponji lililomtia chafya kila asubuhi. Riziki kando, aliipenda kazi hiyo kwa udadisi wake. Ndani ya makochi ya watu alishakuta funguo, meno ya bandia, hata nusu ya picha ya harusi. Kila alichokuta alikirudisha kwa mwenyewe, ila hakukosa kuuliza, "Hiki kilifikaje humu?"

Siku hiyo alikuwa na kochi la mama yake, lile la mtu mmoja ambalo marehemu baba yao hakupenda mtu mwingine alikalie. Kaka yake alilileta kwa mkokoteni.

"Mama anasema springi zinamchoma," alisema akijipangusa jasho. "Na usibadilishe rangi, atatuua."

Misumari akachana kitambaa cha nje. Alipofika kwenye mkono wa kushoto wa kochi, akasita. Mshono wa gunia la ndani haukuwa wa fundi. Ulikuwa wa uzi mweupe wa nguo, umepinda huku na huku kama mtu aliyeshona huku akikimbizwa.

"Nani huyu kaingia humu?" akajiuliza moyoni.

Akakata uzi, akatumbukiza vidole katikati ya sufi, akatoa kifurushi cha kitambaa kikuukuu. Alipokifungua, misumari yote ikamdondoka mdomoni.

Ilikuwa saa yake.

Babu mzaa mama alimpa siku alipoweza kusoma saa bila kukosea. Ilikuwa saa ya kiume, ya kutia ufunguo, uso wake rangi ya chai ya maziwa, na chini ya uso kuna kiduara chenye mshale wake wa sekunde. Kwa kuwa mkono wake ulikuwa kama ufito, aliivaa juu ya kiwiko. Wenzake wakimwuliza saa ngapi, alivuta mkono wa sweta taratibu, kama bosi. Kisha ikapotea. Aliinamia njia ya shule akiitafuta hadi mwalimu akamwuliza kama shingo inamuuma, na moyoni alimshuku mtu mmoja tu.

"Usinitazame hivyo!" kaka yake akaruka. "Toka utoto unanibambikia kesi hii. Mimi na sindano wapi na wapi?"

"Basi nani?"

"Unaniuliza mimi? Fundi ni wewe."

Misumari akaurudia ule mshono. Baba? Baba alishindwa hata kushona kifungo. Babu? Babu hakuwa akiishi nao. Akaona hatafanya kazi na jambo hili linamwasha kichwani. Akafunga karakana mchana kweupe, wakaenda kwa mama.

Walimkuta anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kochi limekwisha?"

"Bado. Mama, nani aliiweka hii ndani yake?"

Mama akaipokea, akaisogeza karibu na macho, kisha akajipiga paja.

"Ni mimi! Wiki ile wezi walipoingia kwa jirani. Nilificha kila kitu nyumba nzima. Vingine nikavikumbuka, vingine vikapotelea huko huko. Ulipoanza kulia, nami nikajua umeiangusha njiani."

"Mama!"

"Ngoja, ngoja!" Mama alikuwa ameshaanza kucheka. "Ndiyo maana! Baba yenu alikaa pale jioni akasema kochi lina mdudu, anamsikia anatafuna mbao, tik, tik, tik. Akapuliza dawa nyumba nzima tukakohoa. Kesho yake kimya. Alivyotamba! 'Nimemmaliza!' Kumbe saa imeisha ufunguo."

Kaka yake alicheka hadi akakaa chini. Misumari naye alicheka, lakini swali lingine lilikuwa limeshamkaa ulimini.

"Uliiweka peke yake?"

Mama akajikuna kichwa kwa kidole kimoja.

"Hebu fungua na mkono wa pili."

Wakarudi karakana wote watatu. Mkono wa kulia ulikuwa na mshono ule ule, na ndani yake kikatoka kitufe cha redio.

"Nilikitoa ili wakiiba redio wasiweze kuiwasha," mama alieleza, bila aibu hata kidogo.

"Nasi tukawasha redio kwa koleo mpaka ikafa!" kaka akapiga kelele.

Fundi saa wa mtaa wa pili aliisafisha saa, akaitia mafuta, ikatembea. Huchelewa kidogo, lakini Misumari hajali. Aliikatia mkanda mpya kutoka kipande cha ngozi kilichobaki, akaenda nayo kumpelekea mama kochi lake.

"Mama, babu aliipata wapi hii?"

"Aliibadilisha na baiskeli. Bibi yako alimnunia wiki nzima."

"Baiskeli ya nani?"

"Ya bibi yako."

Misumari akavuta kigoda, akakaa. "Bibi alikuwa anaendesha baiskeli?"

Mama akajiegemeza kwenye kochi, akaanza kusimulia, na chai ikapoa mbele yao.