Daily ya Shangazi Olive

Shangazi yangu Olive Tapsell alisugua sakafu za watu tangu alipofiwa na mumewe, na kazi hiyo aliipenda. Kila asubuhi alifunga kitambaa kichwani, akatia aproni kapuni na kupanda basi kutoka Deptford kwenda kusafisha nyumba ya daktari wa meno, Blackheath. Mwenyewe alijiita char, yaani msafishaji wa nyumba za watu, kama mama yake alivyojiita. Neno hilo lilimchoma masikio binti yake Maureen, ambaye alipenda kusema charlady, kwa sababu lady ni bibi wa heshima. Mke wa daktari naye alisema "daily wetu", yaani mwanamke anayekuja kila siku na kurudi kwake.

Maureen akachumbiwa na Clive, karani wa benki. Jumamosi moja mama yake Clive, Bi Pomfret, akaja kunywa chai na kuwaona watu anaoungana nao. Mimi nilikaa karibu na birika. Kazi yangu ilikuwa kumimina.

"Maureen aliniambia kazi yako ni ya daily," alisema Bi Pomfret, macho yakimng'aa. "Nikamwambia mume wangu, mkwe wetu ni mtu wa magazeti! Hebu tufanyie mpango, mwenzangu, picha ya maharusi itoke."

Nusu ya magazeti yetu huitwa Daily hii na Daily ile, kwa hiyo kosa lilikuwa rahisi. Maureen akawa mwekundu kwa aibu hadi shingoni. Akamvuta mama yake jikoni, na kwa kuwa mlango ni mwembamba, niliyasikia yote.

"Mama, nakuomba, nyamaza tu. Akijua, atamkataza Clive asinioe."

"Na akiniuliza gazeti gani?"

"Sema la asubuhi."

"La asubuhi nalijua sana. Nikishapiga deki, ndilo ninalotandaza sakafuni watu wasinichafulie."

"Mama!"

"Mwanangu, nitawezaje kukaa na mkwe miaka yote hiyo nikiogopa ndoo yangu mwenyewe?"

Akarudi, akaketi. "Bi Pomfret, mimi si mtu wa magazeti. Mimi ni char. Nasafisha nyumba za watu."

Bi Pomfret aliweka kikombe chini. Maureen alisimama mlangoni.

"Char?" alisema Bi Pomfret. "Char wangu aliacha kazi juzi, nyumba imejaa vumbi! Jumatano una nafasi?"

Nilidhani shangazi angekasirika. Alimkatia kipande kingine cha keki.

"Mkwe, kwako nitakuja nimevaa kofia kama mgeni, niketishwe sebuleni, na chai unimiminie wewe. Vumbi lako litafutie mtu mwingine."

Sasa Bi Pomfret ndiye aliyekuwa mwekundu. Kisha akacheka mpaka akashika ubavu. "Haya, umenipata! Basi njoo Jumapili, mpenzi. Ila usipitishe kidole juu ya kabati langu."

"Hilo siahidi," alisema shangazi, na Maureen akaja kuketi.