Ntambo wa Wana Saba

Ukimwamkia Mzee Baltazar, marahaba yake inachelewa, kwa sababu kwanza anataka kujua una watoto wangapi. Mimi nina wawili. Anajua nina wawili, maana ni jirani yangu tangu niolewe hapa, lakini lazima aulize. Nikimjibu anacheka puani na kusema, "Hao ni watoto au sampuli, mama?" Yeye ana wana saba. Ana pia binti mmoja, Aurelia, ila huyo hamtaji, kwani kwake binti ni mgeni aliyechelewa kuondoka.

"Kila mtoto anakuja na sahani yake." Huo ndio wimbo wake. Basi mimi sahani hizo niliziona kwa macho yangu. Zilikuja kweli, saba kamili. Kilichosahaulika ni ugali.

Lakini tusimwonee mzee wa watu. Kuna wakati wana saba walikuwa utajiri kweli. Huku kwetu Umatengo milima imesimama wima, na shamba lisipotengenezwa mvua inalibeba lote bondeni. Dawa yake ni ngolo. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba, kisha wanawake wanaingia na majembe, wanachimba katikati ya kila mraba na kuzifunika zile nyasi kwa udongo. Shamba linabaki mashimo mashimo yaliyozungukwa na matuta, maji yanatulia mle ndani na udongo hauondoki. Ni kazi ya mikono mingi. Kwa hiyo mwenye familia kubwa alilima eneo kubwa, akapanda na kahawa nyingi, na kahawa ikipanda bei, Mama Placidi, mke wa mzee, alipata mimba. Sisi hatukuhitaji redio kujua bei ya kahawa. Tulikuwa tunatazama tumbo la Mama Placidi.

Nyumba ya matofali ikasimama, na bati juu yake. Mzee akaamini mambo yatakwenda hivyo hivyo milele: watu wataleta mali, mali italeta watu.

Halafu akaletwa afisa mipango mgeni, dada mpole wa kutoka Mbeya anayeitwa Sekela, akaitisha mkutano kijijini. Akamuuliza kila mzee ana nini cha kumwingizia kipato. Mzee Baltazar akasimama: "Nina ntambo, na wana saba."

Ntambo kwetu ni mgongo mzima wa mlima, mali ya ukoo, kuanzia kileleni mpaka mtoni. Sekela hakujua Kimatengo. Yeye alisikia mtambo. Akauliza kwa heshima zote, "Na huo mtambo wako unatengeneza nini, mzee?"

"Watu," akajibu Baltazar bila kupepesa macho.

Tulicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mkutano ulipotulia, Sekela akasema vijana wengi ni nguvu ya uchumi, mradi wawe na ujuzi, na pawe na kazi ya kuwapa. Mzee alisikia mpaka kwenye neno uchumi. Yaliyofuata yalimpita, alikuwa ameshageuka kututazama sisi wenye watoto wawili wawili.

Wana wakakua, wakaoa, na kila mmoja akataka pake. Wahenga walisema wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Mzee akaukata ntambo kwa urefu, kutoka juu mpaka chini, ili kila mwana apate kilele kikavu na apate pia ukingo wa mto. Haki tupu. Placidi, mkubwa, akapewa kipande cha kueleweka. Alipofikiwa Mansuetus, kitinda mimba, kilichobaki kilikuwa utepe. Ukinyanyua jembe kwako, linatua kwa kaka yako.

Sasa ngolo haijui mipaka ya ndugu. Mpaka ulipita katikati ya shimo, tuta moja likawa na wenyewe wawili, na hindi likiota pale ni kesi mpaka kwa katekista. Wakachoka kugombana, wakayafukia mashimo ya mipakani na kuchimba mifereji ya kuteremka mlima, kila mtu na mfereji wake wa kuonyesha kwake kunaishia wapi. Kwa kizazi cha ngolo, huo ni wazimu. Mimi niliwaambia. Placidi akanijibu niende nikalee sampuli zangu.

Utepe haulishi mtu. Placidi akahamia Chiwanda kutafuta ardhi, wengine wakashuka ziwani kwenye dagaa, Mansuetus akaenda Mbinga mjini kuendesha bodaboda ya mtu. Walipoondoka waliondoka na wake zao, na wake ndio waliokuwa wachimbaji. Lakini kila mmoja aliacha amri kwamba utepe wake usiguswe. Mama Placidi, Mungu amrehemu, alikuwa ameshatutoka. Basi mwenye wana saba akabaki peke yake anakuja kwangu kuomba chumvi, na shamba likawa pori lenye mifereji.

Hapo ndipo aliporudi Aurelia kutoka Mbaha alikoolewa, maana mumewe alikuwa ameshaoa mwingine. Alirudi na mtoto mgongoni na jembe. Akamwomba baba yake amruhusu kulima tepe zote saba kama shamba moja, kabla mvua hazijaumaliza mlima. Hana pengine pa kumlishia mtoto.

"Ardhi ya wana haichezewi," mzee akasema. "Wewe ni wa kuondoka."

"Walioondoka ni wao, baba. Mimi nimerudi."

Mzee akanuna siku kadhaa, njaa ikamlainisha. Mbele yangu, kwa kinywa chake, akamwambia achimbe, na akiliokoa shamba litakuwa lake la kulima maisha yake yote.

Tukaitana wanawake wa jirani. Nyasi tulifyeka wenyewe, ile kazi ya wanaume, na mlima haukuanguka. Tukaziba mifereji, tukachimba mashimo kutoka kileleni mpaka mtoni bila kuuliza huu ni utepe wa nani. Mahindi yakatoka kama zamani. Mzee akaanza kushiba, na alipoanza kushiba akaanza tena kuwauliza watu wana watoto wangapi.

Habari za mavuno zina miguu. Wana saba wakarudi, wote, na magunia, wake zao wamewaacha huko walikohamia. Placidi akamshukuru dada yake kwa kuwatunzia. Wakagawana. Aurelia akamtazama baba yake, akisubiri aseme lile neno alilolisema mbele yangu. Mzee akatazama bati. Mimi nilikasirika, sifichi, nilitamani kumpiga na ungo.

"Msimu ujao nani atachimba?" akauliza Mansuetus.

"Si Aurelia yupo," mzee akasema.

Aurelia akamfunga mtoto mgongoni, akachukua jembe lake, akaja kwangu. Nikamkodishia bustani yangu ya bondeni, chini ya ntambo wao, mahali mto unapopinda. Wanangu ni wawili tu, nafasi ninayo.

Wana saba wakabaki wanatazamana. Walikuwa wanajua kufyeka na kupanga nyasi vizuri sana. Kuchimba shimo la ngolo hakuna aliyewahi, ni kazi ya wanawake. Wakajaribu hivyo hivyo. Walichofanikiwa haraka ni kufukua upya mifereji ya mipaka.

Mvua ya kwanza ilikuwa kubwa. Maji yakaifuata ile mifereji saba kama barabara, na shamba likateremka nayo.

Mvua ilipopumzika, Mzee Baltazar akashuka bondeni kwa fimbo yake. Udongo mweusi wa ukoo wake ulikuwa umetanda juu ya bustani yangu, wa Placidi na wa Mansuetus umechanganyika, huwezi kuutenga. Aurelia alikuwa ameinama anapanda maharage. Mzee akaingia bustanini, akauchokoa udongo kwa fimbo.

"Sasa huu ni udongo wa nani?" akauliza.

Aurelia hakuinua kichwa. "Sogea kidogo, baba," akasema. "Umekanyaga maharage yangu."