Tisa Kati ya Ishirini na Nne

Wanafunzi wake walimwita Koki. Alijua, na hakukasirika, kwa sababu mwalimu wa mabomba aliyemtangulia aliitwa Choo. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na kumi na minne kati ya hiyo aliitumia katika karakana ya mwisho ya kituo cha ufundi, nyuma ya ushonaji na useremala.

Katikati ya karakana palikuwa na ukuta wa mbao uliofungwa mabomba juu mpaka chini. Hapo ndipo mtihani ulipofanyika. Mwanafunzi alikata bomba la chuma, akazungushia kwenye ncha tepu nyeupe ya kuzuia kuvuja, akakaza kwa spana, kisha Koki akapita akitikisa kila kiungo kwa mkono. Kisipocheza, umefaulu. Maji hayakuwahi kupita humo. Kituo kilikatiwa maji kitambo, na kila mwaka barua ya kuomba yarudishwe iliandikwa, ikagongwa muhuri, ikalala kwenye faili.

Mwezi wa pili mkuu wa kituo alimwita akamkabidhi fomu. Wafadhili walitaka kujua wahitimu ishirini na wanne wa mabomba wa mwaka uliopita walikuwa wapi. Kama hata nusu yao hawafanyi kazi ya mabomba, darasa la mabomba lingefungwa, na Koki angekwenda nalo.

Aliwatafuta kwa miguu wiki mbili, kila siku baada ya vipindi. Mmoja alikuwa mlinzi kwenye lango la benki, amevaa kofia inayomzidi. Mwingine aliuza makava ya simu. Watatu walikuwa wamehama na namba zao hazipatikani. Wanne walisema waliajiriwa wakaachishwa siku ileile kwa sababu ya kuvuja, akadhani ni uzembe wao. Mmoja alifurahi sana kumwona, akamkaribisha kiti, akamuuliza kama kituo kinaajiri. Walioshika spana walikuwa tisa, na wawili kati yao walizishika kwa sababu mjomba wao alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi.

Wa mwisho kupatikana alikuwa Mrefu, binti aliyeongoza darasa. Alimkuta uani kwao, ameinamia beseni, nguo za watu zimejaa kamba tatu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti. Nasikia ulipata kazi kwenye lile ghorofa la sokoni."

"Nilipata. Asubuhi nikaingia, mchana nikatoka."

"Ulikosana na mtu?"

Mrefu alikamua shati, akalitandaza kambani, akarudi. "Nilifunga viungo kumi na vinne. Vizuri, kama ulivyotufundisha. Ukitikisa, havichezi. Msimamizi akafungua maji. Mwalimu, nikuambie nini? Mvua! Wanaume walicheka, mmoja akaniletea sabuni, akaniuliza na taulo nalo alete?"

"Tepu ulizungusha mara ngapi?"

"Mara tatu. Si ndivyo ulivyosema?"

Ndivyo Koki alivyosema. Bomba nene kama la ghorofa lile lilitaka mara kumi au zaidi, naye alilijua hilo tangu ujana wake. Lakini boksi moja la tepu lilitakiwa kumaliza muhula mzima, kwa hiyo mwaka mmoja alisema nane, mwaka uliofuata tano, mwishowe tatu. Ukuta mkavu haukumkosoa hata siku moja.

"Kosa ni langu," alisema.

"Lako ndiyo, lakini aliyelowa ni mimi."

Koki alitoa fomu na kalamu. Kabla hajaandika, mama yake Mrefu alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga.

"Andika yuko kazini, mwalimu. Au hizo nguo anazifua kwa kucheza?"

"Mama, hapa wanauliza kazi ya mabomba," Koki alisema.

"Na maji anayofulia hayatoki bombani? Baba, nisikilize. Mdogo wake huyu ameshapata barua ya kuanza darasa lako mwezi ujao. Ukiandika ukweli wako, unamfungia mlango."

"Lakini huyu mkubwa unamwona alivyo."

"Namwona. Ila asiye na cheti hata foleni haingii. Mwenye nacho angalau anafukuzwa akiwa ndani."

Mrefu alicheka mpaka akakaa chini. Koki naye alicheka kidogo. Hakuandika kitu, akaaga.

Siku iliyofuata alimpelekea mkuu fomu. Mkuu aliisoma, akaigeuza nyuma kana kwamba majina mengine yako upande wa pili.

"Tisa?"

"Tisa."

"Nilikutuma kutafuta watu, wewe umeniletea balaa. Anayeziba koki ya kwao si amejiajiri?"

"Kwa hesabu hiyo mke wangu ni daktari, maana hunipa dawa ya kichwa."

"Usinitanie, mwalimu. Wenzetu wa kituo kingine wameandika ishirini na wawili. Unadhani walikwenda mlango kwa mlango?" Alivua miwani, akasugua macho. Naye alikuwa amechoka. "Tuna vijana thelathini wenye barua mkononi. Niwaambie nini?"

Koki alichukua fomu, na chini kabisa, pasipo na mstari, akaandika kwa hati yake iliyonyooka: "Watano waliajiriwa wakaachishwa siku ileile. Viungo vyao vilivuja. Hawakuwahi kufundishwa kwa maji, na tepu niliwafundisha kidogo mno." Akatia saini.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Darasa la mabomba lilisimamishwa. Ukuta ulivunjwa, mbao zake zikaenda useremala, mahali pake pakawekwa cherehani. Koki alipewa barua ya shukrani yenye makosa mawili katika jina lake. Vijana thelathini waligawanywa. Mdogo wake Mrefu alipelekwa kompyuta, ambako watu wanne walitumia mashine moja, na mama yake alimtumia Koki salamu kwamba asipite tena mtaa ule.

Ilimchukua mwezi kupata kazi ya kwanza ya mtaani: vyoo vinne na mabafu mawili kwa mama mmoja mwenye nyumba za kupangisha. Angeweza kuifanya peke yake. Alimpigia simu Mrefu.

"Utanilipa, au ni mafunzo tena?" Mrefu aliuliza.

"Nusu kwa nusu."

"Nakuja sasa hivi."

Siku ya kwanza Koki alimwachia kiungo cha kwanza, akafungua maji bila kusema neno. Kilivuja. Mrefu alifungua, akasafisha, akazungusha tepu upya, akakaza. Kikavuja tena, safari hii tone moja moja. Alitukana kwa sauti ndogo, akafungua mara ya tatu. Jioni alikuwa ameshajua kwa kidole, kabla ya maji, kiungo kipi kitavuja. Siku ya tatu alifanya bafu zima wakati Koki ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, mgongo unamuuma.

Siku ya nne walimaliza. Mama mwenye nyumba alizunguka na tochi akimulika chini ya kila sinki, akapapasa sakafu kwa kiganja, akakikuta kikavu.

"Mmefanya kazi," alisema. "Nina nyumba nyingine mbili kule juu, nazo zina vyoo vibovu. Nimpigie nani, baba au mwana?"

Mrefu alianza kupanga spana kwenye mfuko wa Koki, moja moja, macho chini. Koki aliijua hesabu hiyo. Nyumba zile zilitaka fundi mmoja, na mama huyu hakuwa mtu wa kulipa wawili tena. Mtoto wa mwisho wa Koki alikuwa bado shule. Tangu barua ile ije, hakuna mtu mwingine aliyekuwa amempigia.

"Mpigie huyu," alisema.

Mrefu alitaja namba yake, polepole, akairudia ili isikosewe. Kisha alimgeukia Koki kama anayetaka kusema jambo, akaishia kumwambia, "Mwalimu, lete huo mfuko nikubebee."

"Niachie. Si mzito."

Ulikuwa mzito. Alipofika njia panda alikuwa ameshajuta. Alisimama akauweka chini, akabadilisha bega, akaendelea. Mke wake alimkuta mlangoni akivua viatu, akamuuliza kama yule mama ana kazi nyingine.

"Anayo," alisema Koki. "Ina mtu."