Saruji Tuliyobeba Bure

Nakumbuka Jumamosi moja pale Oraba, mpakani na Sudan Kusini, mwanangu, nikiwa na mifuko miwili ya saruji mabegani na timu nzima ikinipigia makofi. Nilikuwa kijana wa kupigiwa makofi. Shingo nene, kifua kimejaa, na kila nilipopita kwenye kioo cha gari nilijitazama kidogo. Ukitaka kucheka, cheka. Na wewe nimekuona kule jimu, Arua, ukijipiga picha kabla hujatoka jasho.

Ninyi mna vyuma vinavyong'aa. Jimu yetu sisi ilikuwa nyuma ya gereji, karibu na Onduparaka, kulekule Arua, nilikokuwa nakaa kwa shangazi yangu nikisomea uchomeleaji. Tuliinua ekseli ya lori, na mikebe ya rangi tuliyoijaza zege. Onduparaka ni mtaa wa kandanda, unajua mwenyewe, na watu walituona wehu kwa kuuacha mpira wa mviringo tukaukimbilia ule wa raga wenye umbo la yai. Hatukujali. Shida yetu ilikuwa skramu, pale wanaume wanane wanapofungana mabega na kuwasukuma wanane wengine. Timu moja ilitoka Kampala ikatusukuma nyuma mpaka mashabiki wetu wachache wakaanza kuondoka mmojammoja, kama watu waliokumbuka kwamba wameacha chungu motoni.

Kocha wetu, Candia, aliumia sana siku ile. Candia alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa wema wake haujaniondolea uchungu nilio nao juu yake. Alifahamiana na tajiri mmoja mwenye ghala Oraba, aliyekuwa akihamisha saruji kutoka maroli ya huku kwenda maroli ya kuelekea Juba. Wakakubaliana. Tajiri atatuletea gari kila Jumamosi, atatupa soda na mkate, nasi tutahamisha mzigo wake.

"Hakuna jimu kama hii," Candia alituambia. "Mutu nalipa pesa ya kuinua chuma. Sisi napewa soda juu yake."

Tajiri alitupokea kwa kicheko, akatushika mabega mmojammoja, akatuita simba wake. Nilidhani anatupenda. Cha mlevi huliwa na mgema, mwanangu, na sisi tulikuwa tumelewa nguvu zetu.

Sasa nikuambie jambo ambalo wenzangu wengi hawakulijua. Sisi kwetu ni Koboko, na baba yangu, Mzee Khemis, alikuwa kuli palepale Oraba. Kila alfajiri alipanda baiskeli kwenda mpakani kubeba mizigo ya watu. Ada yangu ya chuo ilitoka mgongoni mwake, na hiyo si methali, ni mgongo wenyewe nausema.

Jumamosi ya kwanza nilipomwona nilifurahi, maana nilitaka aone mwanawe alivyo. Alikuwa ameketi na makuli wenzake kando ya ukuta, karibu na wabadilisha fedha, kata yake ya kichwani ameiweka juu ya goti. Nikaenda kumwamkia.

"Wewe nakuja na gari ya nani?" akauliza.

"Ya mwenye saruji, Baba. Tunafanya mazoezi."

Akalitazama lile lori. "Na sisi?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Nyinyi leo mupumzike, Baba." Nikakimbia kurudi kwa wenzangu. Mpaka leo kicheko kile hunijia nikiwa nakula, chakula kikanishinda.

Tukaendelea hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi. Mabega yetu yalikua kweli, sitasema uongo. Tajiri naye akajifunza upesi. Maroli yakifika Alhamisi aliyaacha yamesimama na mzigo wake, na makuli wakija kuomba kazi aliwaambia waende nyumbani, watoto wa mpira wanakuja. Hayo nilikuja kuyasikia baadaye, kama nilivyokuja kusikia kwa mama kwamba nyumbani chai ilikuwa inanywewa bila sukari, na jioni nyingine haikupikwa kabisa. Mimi jioni zote zile nilikuwa Arua, nimelala kwa shangazi, nimeshiba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata kama ni baba yake mzazi.

Ndipo ikafika ile Jumamosi ya mifuko miwili. Nilikuwa nimeishusha ya kwangu na makofi bado yanapigwa, nikamwona baba anainuka pale ukutani. Akaiviringa kata yake vizuri, akaiweka kichwani, akaja mpaka mlangoni mwa lori.

"Mzee, wewe kaa," tajiri akamwambia. "Vijana iko."

"Mimi iko kuli ya hapa," baba akajibu. "Wewe nipe kazi. Kama huyu nabeba mbili, mimi pia nabeba mbili."

Wenzangu walidhani ni mashindano. Wakaanza kushangilia, mzee, mzee, mzee. Na mimi nilipiga makofi. Nataka ulisikie hilo kutoka kinywani mwangu, usije ukalisikia kwa mwingine. Niliona baba yangu amekuja kucheza nasi.

Akatwishwa. Akatembea vizuri, shingo imesimama, akavuka kutoka lori hili mpaka lile. Kulikuwa na ubao wa kupandia. Alipoupanda nusu, goti likakunjika, akaanguka chali na mifuko ikamwangukia.

Tulipoiondoa hakuweza kuketi. Saruji ilikuwa imemjaa kwenye nyusi na ndevu. Hakulia. Aliwatazama vijana wote, akasema taratibu, "Nyinyi nabeba kwa mchezo. Sisi nabeba kwa unga." Kisha akanitazama mimi. "Na wewe, wewe mutoto yangu, ulifikiri hii kazi haina mwenyewe?"

Tukampakia garini, tukampeleka hospitali. Hata ningekuwa na jibu la swali lile leo, ningempa nani?

Hospitali walisema ni uti wa mgongo. Baba hakusimama tena. Chuo nikaacha, raga nikaacha, nikaichukua kata yake nikaenda Oraba kubeba badala yake. Unadhani nilipokelewa? Makuli walihama kivuli nilipoketi. Na tajiri, nilipomwomba ujira, alinishangaa kweli, bila hata dharau.

"Wewe juzi nabeba bure," akasema. "Leo pesa ya nini?"

Mwishowe alinilipa, lakini pungufu, na wengine walipodai zaidi akawaonyesha mimi. Kile nilichokitoa bure kilishusha bei ya kila mgongo pale mpakani. Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini mjukuu huja siku moja moja kukusalimu. Haya yangu yalihamia nyumbani.

Msimu ule timu yangu ilishinda. Skramu yao ilisukuma kila aliyekuja, kwa mabega yaliyotengenezwa Oraba. Candia alikuja Koboko na sukari, akaketi mkekani, akalia. Sukari niliipokea. Msamaha sikumpa, na sitakudanganya kwamba nimekwisha kumpa.

Na zile nguvu nilizozitafuta nilizitumia kumbeba baba. Asubuhi nilimtoa kitandani, nikampeleka chooni, nikamwogesha, nikamrudisha. Alikuwa mwepesi kuliko mfuko mmoja. Hakunilaumu tena hata mara moja. Siku nyingine, nikiwa nimembeba, alinishika bega akasema, "Wewe iko na nguvu, kweli." Alisema kwa fahari. Heri angenitukana. Alisema hivyo mpaka alipokufa.

Mwanangu, ingawa sikukuzaa, nimekuita kwa sababu nimesikia timu yenu inakwenda Ajia kumbebea mtu matofali ya jengo lake, bure, na kwamba mmeyaita mazoezi ya kujiandaa na msimu. Nimesikia pia kuna soda. Sikukatazi kujenga mwili. Inua chuma, kimbia milimani, funga shingo kamba uvute tairi mpaka macho yakutoke. Raga haina huruma kwa mtu mlegevu. Lakini jasho linalomlisha mwingine usilifanye mchezo wako. Kabla hujagusa tofali la kwanza, uliza nani alikuwa anabeba hapa, kisha mtafute alipoketi umsikilize. Ukiona mwenye jengo anafurahi kuliko wewe, rudi Arua. Na kama nguvu zinakuwasha, wapo wajane wasio na uwezo wa kumlipa mtu yeyote. Wabebee hao, hakuna utakayemnyang'anya.

Ukiona maneno yangu ni makali, ndivyo yalivyo, sina mengine. Nenda sasa. Mungu akuimarishie shingo, akulinde chini ya skramu, akurudishe kwa mama yako ukiwa mzima. Na baba yako, aliye hai, Mungu amjalie azeeke akienda chooni kwa miguu yake mwenyewe.